Wimbo wa Mzee Aliyebakiza Mti Mmoja

Tumsifu Yesu Kristo!

Asanteni. Soprano mko juu, besi mmechelewa kama kawaida yenu, lakini mmefika. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kwaya, hamjambo. Nimeambiwa nisimame nitoe ushuhuda, na mwenyekiti amenionya nisimtaje mtu jina. Nimekubali. Jina nitakalolichafua leo ni langu peke yake, na hilo mnalijua tangu ubatizo.

Mnanijua mimi ni fundi cherehani. Nusu ya sare mlizovaa zimepita mikononi mwangu, na kama kuna mtu kola inambana, aje tuongee baadaye, asinikunjie uso kutoka huko. Kutunga nyimbo nilianzia kwenye kwaya hii hii. Cherehani ndiyo ngoma yangu. Nikishona kaptula za shule wimbo unakuja wa haraka, nikishona gauni la harusi unakuja taratibu. Mlikuwa mnaniuliza, mama, hizi nyimbo unazitoa wapi? Nazitoa miguuni.

Sasa, miaka michache iliyopita niliitwa Moshi mjini na kundi moja la maigizo, nikahamia huko na cherehani yangu. Najua mlivyosema. Mlisema, "Mtunzi wetu ameenda kuimba baa." Ndiyo, ilikuwa baa, sikatai! Ina ukumbi mzuri kwa nyuma, na Jumapili mchana watu wakitoka kanisani wanakaa pale kwenye meza, wanakula machalari ya ndizi na nyama, wanakunywa wanachokunywa. Sisi tunapita katikati ya meza zao tunaimba na kuigiza. Waliosoma wanaita kabareti. Mama yangu anaita "hicho kitu chenu".

Lakini hatukuwa tunaimba mambo ya kubuni. Tulikuwa tunapanda vijijini, tunakaa na watu, wanatusimulia maisha yao na sisi tunawarekodi kwenye simu. Kuna mama alitusimulia alivyojifungulia sokoni Tarakea, kichwa kimeegemea gunia la maharage, na mtoto akaitwa Gunia mpaka alipobatizwa. Kuna baba wa kiwandani alikuwa akiwaandikia wenzake barua za mapenzi, mpaka siku alipoandikiwa jibu yeye. Habari za kweli tupu. Tukirudi mjini, watunzi tunakaa na yale maneno, tunayatungia wimbo mpya. Watunzi tulikuwa wawili, mimi na kaka mmoja mpiga gitaa ambaye siku za kazi anafundisha hesabu.

Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya paredi. Sheria yake ilikuwa moja tu. Wimbo ukikamilika, unapelekwa nyumbani kwanza. Yaani unapanda tena mlimani, unakaa na mwenye habari, unamwimbia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema hapa sipataki, panatoka. Akisema wimbo wote siutaki, unarudi nao mjini ukiwa umefunga mdomo. Mwalimu alikuwa anasema, "Mtu amekupa maisha yake uyashone. Si lazima umpime kabla hujamvalisha?" Aliniambia hivyo mimi, fundi. Nikaelewa kabisa.

Nikaelewa, na bado nikafanya nilichofanya.

Ndugu zangu, nawaambia, makofi ni pombe. Mimi sinywi, lakini makofi yalinilevya nikawa natembea upande. Watu walianza kuniita jina la wimbo wangu nikiwa sokoni nanunua vifungo. Nikaanza kutunga huku sikio liko kwa wale watakaopiga meza. Hapo ndipo nilipopata habari ya bibi mmoja wa huku huku kwetu Kirua.

Bibi huyo alinisimulia habari ya marehemu mzee wake. Ule mwaka bei ya kahawa ilipoanguka, mnakumbuka wenyewe, watu walikata mibuni wakapanda nyanya. Mzee wake alivumilia, akavumilia. Asubuhi moja akachukua shoka akaingia kihambani, kwenye shamba la ukoo, akakata mibuni yote iliyopandwa na baba yake, mmoja baada ya mwingine. Akabakiza mmoja. Akakaa chini yake. Bibi akampelekea chai, wakakaa pale wawili mpaka chai ikapoa, hakuna aliyesema neno. Basi. Hiyo ndiyo habari yote, na alipomaliza akanifungia parachichi za kubeba.

Nikaisikiliza simu nikiwa kwenye cherehani. Nikasema, aisee, hii nani ataipigia makofi? Watu wameshika mifupa ya mbuzi, mimi niwapelekee mzee amekaa chini ya mti na chai yake? Nikaona niirekebishe kidogo. Na mafundi mnatujua, tukianza kurekebisha hatujui kuacha.

Nikamlewesha mzee wa watu. Mtu ambaye sikuwahi hata kumwona! Nikampa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata tatu, nikamkabidhi shoka, nikamfanya aitukane mibuni akidhani ni mashemeji zake. Akaikata huku anayumba, na mwisho nikamtumbukiza kwenye mfongo, mfereji wetu wa shambani, maji ya kumwagilia yakambeba miguu juu. Kibwagizo kikawa "Mzee na shoka lake, tupisheni njia".

Mpiga gitaa akaniuliza, "Dada, hii ndiyo habari aliyokupa bibi?"

Nikamjibu, "Kaka, wewe shika gitaa."

Mwalimu naye akaniuliza, "Umeupeleka nyumbani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Amesemaje?"

"Amecheka sana."

Ulimi hauna mfupa, jamani. Sikuwa nimevuka hata Kiboriloni, hapo ukitoka tu mjini.

Basi wimbo ukapigwa. Yesu wangu! Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na supu. Jumapili ya pili wakauomba wenyewe. Jumapili ya tatu kuna watu walikuja kutoka Bomang'ombe kwa ajili ya huo tu, wakasimama ukutani kwa kukosa viti. Nikavimba kichwa. Nikawa namwambia mpiga gitaa, "Unaona? Watu hawataki kulia."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya kwangu yaliletwa na mjukuu kweli, dada mmoja anayefundisha Himo, aliyesikia kwamba mjini kuna wimbo wa babu yake. Akafurahi! Hakujua wimbo unasemaje. Akapanda nyumbani, akamvalisha bibi yake kitenge kipya, akamshusha mjini Jumapili ya nne, wakakaa meza ya nyuma kabisa.

Mimi sikuwaona. Nilikuwa mbele, nimevaa koti la kiume na kofia, nimeshika shoka la mbao, mimi ndiye mzee. Ubeti wa kwanza, kicheko. Wa pili, watu wanapiga meza. Wa tatu, nayumba naelekea kwenye mfongo, nikasikia kicheko kinakatika meza moja baada ya nyingine, kuanzia nyuma kuja mbele. Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama. Akaanza kuja na fimbo yake, polepole, watu wanamvutia viti apite. Akafika mbele yangu. Akaitazama kofia, akalitazama shoka. Akatoa kopo kwenye mkoba wake, akaliweka mezani karibu na mimi.

"Ni kahawa ya ule mti," akasema. "Nilikuletea."

Hakukunja uso, hakupandisha sauti. Akageuka, mjukuu wake akamshika mkono, wakatoka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu. Ukumbini unasikia mafuta ya jikoni tu. Mwalimu akanijia, akanivua ile kofia kichwani yeye mwenyewe, akaniuliza, "Si ulisema alicheka?" Wimbo ukaondolewa siku hiyo hiyo, na mimi nikaambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapolimaliza hilo jambo.

Hapo ndipo nilipoanguka sawasawa. Nyimbo zilinikimbia zote. Nikikaa kwenye cherehani, nasikia cherehani tu. Ninyi mlidhani naumwa koo, mkaniletea tangawizi na asali, Mungu awabariki. Sikuwa naumwa koo. Nilikuwa naona aibu kufungua mdomo. Na habari ilishapanda mlimani kabla yangu, maana hapa kwetu habari haisubiri gari. Kwamba fulani amemtukana marehemu wa watu kwenye baa, amemwita mlevi, na mjane wake amekaa anasikiliza.

Krismasi ikafika, sikupanda. Mnasikia uzito wa hilo neno? Mchagga mzima, mwenye miguu yake, amebaki mjini Krismasi! Moshi ilikuwa tupu. Watu wote wamepanda kwao, maduka yamefungwa, nimebaki mimi na mbwa wa majirani wananiangalia kama vile na wao wanashangaa. Nikapika wali nikala peke yangu, nikagundua baadaye sikutia chumvi. Nililia siku ile. Nasema tu ukweli, nililia kama mtoto.

Baada ya mwaka mpya nikajikaza nikapanda kwa bibi na kifurushi. Sukari, mche wa sabuni, na kitenge. Akanikaribisha vizuri, akanipa chai. Kila nikifungua mdomo kusema, "Bibi, ile siku," yeye anasema, "Mvua mwaka huu imegoma." Nikisema, "Bibi, ule wimbo," ananiuliza kama mama yangu anaendeleaje na miguu. Wakati wa kuondoka akanirudishia kifurushi changu. "Mwanangu, sabuni ninayo." Nikarudi mjini na sabuni yangu, na mkungu wa ndizi juu yake, maana mgeni haondoki mikono mitupu hata kama ni mimi.

Mama yangu aliposikia alinipigia simu. "Wewe ni Mchagga wa wapi unayeomba msamaha kwa sabuni? Isale zimejaa hapa mpakani, unangoja nani aje akuchumie?"

Wenzetu mliotoka kule kwenye mashamba ya miwa niwaeleze. Isale ni huu mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale, umekiri kosa lako lote, na yeye mila haimruhusu kulikataa. Kwa hiyo halitolewi ovyo. Na jambo moja sikuwa nimelijua mpaka siku ile nimelishika mkononi: isale haina "lakini". Huwezi kumpa mtu isale halafu ukaanza, "lakini bibi, unajua jukwaani watu wanapenda kucheka." Maneno yote niliyokuwa nimejipanga nayo yakawa hayana pa kukaa. Ndiyo maana mara ya kwanza nilibeba sabuni.

Nikachuma jani mpakani kwa mama, nikalifunga fundo, nikaenda. Bibi alikuwa uani anaanika maharage. Nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Nikasema, "Bibi, nilidanganya. Mzee wako hakulewa. Nilitaka makofi."

Akalitazama lile jani muda mrefu. Halafu, ndugu zangu, akacheka! Akasema, "Haya, umenifunga mikono. Nimekusamehe. Lakini uliyemtumbukiza mfongoni si mimi. Nyanyuka twende ukamwambie mwenyewe."

Akanipeleka migombani, mpaka kwenye kaburi la mzee. Na pale kando ya kaburi, ule mti. Ndugu zangu, mbuni mmoja! Mkongwe, shina limejikunja, lakini una maua meupe tele, unanukia mpaka kichwani. Bibi akaniambia nipande ile isale upande wa kichwa, nikaipanda. Akavuta kigoda akakaa.

"Sasa mwimbie."

"Bibi, sina wimbo. Nyimbo zimeniishia."

"Ule unao."

"Ule mbaya?"

"Si ndio uliomtungia? Imba. Ukifika kwenye uongo nitakwambia."

Mnajua kuimba uongo wako juu ya kaburi la mwenyewe, na mjane wake amekaa hapo na fimbo? Mstari wa kwanza tu, fimbo ikagonga chini. "Hapo si kweli. Siku ile hakunywa hata maji." Nikautoa. Wa pili, fimbo tena. "Hakuitukana. Kila mbuni aliushika kwanza ndipo akaukata." Nikauweka huo. Tukaenda hivyo, mstari kwa mstari, ananipima kama fundi anavyopima mkono na bega. Tulipofika kwenye mfongo nikasema, "Hapa napaondoa mwenyewe, Bibi, naona aibu."

Fimbo ikagonga. "Hapo acha!"

"Niache?"

"Mfongoni alianguka kweli! Siku ya harusi yetu, na suti ya kuazima. Alikuwa anarudi kinyumenyume ili anione vizuri nikija." Akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka, tunacheka wawili kaburini, majirani wakachungulia. "Nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Katika uongo wangu wote, nilikuwa nimegonga kweli moja bila kujua, nikaiweka siku isiyo yake.

Mwisho tukafika pale chini ya mti, chai inapoa. Nikaimba kama alivyonisimulia, kwamba hakuna aliyesema neno. Nikasubiri fimbo. Haikugonga. Bibi alikuwa anautazama mti. Akasema, "Alisema neno. Wewe ile simu yako sikuiambia, maana lilikuwa langu." "Alisema, huu mmoja ni wako. Usimruhusu mtu aukate, hata mimi."

Nikamwuliza kama naweza kuliimba.

"Leo umelileta jani. Liimbe."

Jamani, niliporudi mjini sikulala kwanza, sikula kwanza, nilikaa kwenye cherehani nikiwa na viatu. Nikakanyaga. Ikaja! Nyimbo zilirudi kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Nilishona pazia la mteja likatoka refu kuliko mlango, sikujali.

Safari hii nilimleta Mwalimu mwenyewe Kirua, pamoja na mpiga gitaa, tukauimba uani kwa bibi mbele ya maharage yake. Akasema, "Sasa umenitosha." Mwalimu akanirudishia kofia.

Jumapili ya kuuimba ukumbini bibi alikaa meza ya mbele kabisa, na mjukuu wake, na mama yangu ambaye alikuwa amekuja kukiona "hicho kitu chenu". Tukaanza. Tulipofika harusi na suti ya kuazima, watu wakacheka, na bibi alicheka kuwazidi wote. Tukaingia ubeti wa tatu, shoka na mibuni. Ukumbi umetulia. Nikaona bibi anashika fimbo. Anasimama.

Moyo ulinitoka, ndugu zangu. Gitaa likakatika. Ubeti ule ule, wa tatu, bibi yule yule amesimama! Nikawaza, nimeharibu wapi tena? Akanyoosha fimbo kwa mpiga gitaa.

"Mnakwenda mbio," akasema. "Mzee wangu alikuwa anatembea polepole. Rudieni."

Ukumbi ulilipuka! Tukarudia, polepole, mpiga gitaa jasho linamtoka. Na kwenye kibwagizo bibi hakukaa. Akaimba na sisi, huu mmoja ni wako, kwa sauti yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemfundisha, na meza zote zikadaka. Wanaume wazima na mifupa yao mikononi walilia na kucheka kwa pamoja. Mimi niliyesema watu hawataki kulia!

Basi nishukuru, maana naona mwenyekiti ananionyesha saa. Namshukuru Mungu aliyenirudishia sauti. Namshukuru Mwalimu kwa kunivua kofia na kwa kunirudishia. Namshukuru kaka wa gitaa, aliyeniuliza swali nikamjibu vibaya, naye akasubiri. Namshukuru mama yangu kwa kunikumbusha mimi ni nani. Ninyi wa kwaya nawashukuru kwa tangawizi, ingawa ugonjwa haukuwa kooni.

Na wenzangu mnaotunga, neno langu ni hili tu. Mtu akikupa habari yake, usiipeleke kwa wapiga makofi kabla hujairudisha kwake. Na ukiwa umeshaharibu, acha sabuni dukani. Mpakani kuna isale.

Ile harufu mnayoisikia tangu nianze kuongea, nimewaona mnageuza geuza shingo, haitoki kwa jirani. Ni kahawa ya mti mmoja, imeletwa leo, inachemka hapo nje kwenye sufuria, kila mtu atapata japo kidogo. Aliyeileta amenikataza nisimtaje, na mimi nimeahidi. Amekaa mlangoni. Fimbo anayo.

Kwaya, simameni tuuimbe. Besi, leo msichelewe.

Lakini polepole.